PESA ZA CHAI ZISIISHIE DUKANI
Mashauri kwa wakulima wa Bomet juu ya kununua chakula na vitu vya nyumbani

Wakulima wa Bomet wajua sana hesabu ya shamba. Mwulize mtu ana michai mingapi, atakujibu mara moja. Mwulize jana alipeleka kilo ngapi za majani katika kituo cha kununulia chai, atakutolea karatasi yake mfukoni. Lakini mwulize swali la tatu: "Mwezi uliopita nyumba yako ilitumia shilingi ngapi dukani?" Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Jambo hili si dogo. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani aliyopeleka, na malipo ya pili, ambayo sote twayaita bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba, baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwishoni mwa Juni. Karo za shule, mabati ya nyumba na ng'ombe wa maziwa hutazamiwa kutoka katika bonasi hiyo. Basi, ikiwa deni la duka limekwisha kuila kabla haijafika, mtoto atarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na baba yake atasema chai haina faida. Pengine chai ilikuwa na faida, nayo faida ikatoka kwa robo kilo za sukari na mafuta ya kupimiwa.

Mwezi huu twataka kueleza namna ya kuzuia hasara hiyo. Twaomba baba na mama wa nyumba wasome ukurasa huu pamoja, kwa sababu mmoja akiweka akiba na mwingine asipojua, akiba haikai.

KWA NINI MKULIMA AMEKUWA MNUNUZI

Wazee waliopata mashamba katika sehemu za Sotik, wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa chini ya mpango wa ekari milioni ulioanza mwaka wa 1962, walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Vitu vya dukani vilikuwa chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa. Siku hizi hali ni nyingine, na sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Shamba la baba limegawanywa kwa wana, na wana nao wamewagawia wana wao. Mahali palipokuwa na mahindi pamepandwa chai, maana chai huleta fedha kila mwezi.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Mwezi wa Septemba 2011, hapa hapa kwetu, upande wa chini wa Longisa, ndipo ulipoonekana kwa mara ya kwanza katika Kenya ule ugonjwa mbaya unaoua mahindi. Huletwa na virusi vya namna mbili vinapokutana katika mmea mmoja. Majani hupiga michirizi ya manjano, hukauka kuanzia ukingoni, na gunzi hubaki dogo au halina punje kabisa. Watu waliokuwa wakiuza mahindi walianza kununua unga. Ugonjwa huo ulienea mpaka nchi za jirani.

Sababu ya tatu ni bei. Unga wa dukani hupanda na kushuka, na mkulima hana nguvu juu yake. Mwaka wa 2017, baada ya ukame, bei ilipanda hata Serikali ikalazimika mwezi wa Mei kulipa sehemu ya gharama ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Mwaka wa 2022 pakiti hiyo ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai Serikali ikaishusha tena kwa muda mfupi hadi shilingi 100. Misaada ya namna hiyo huja na kwisha. Mwenye busara hutengeneza ghala yake.

JAMBO LA KWANZA: DAFTARI

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja la shule. Kwa siku 30 andika kila kitu kinachonunuliwa: siku, kitu, kiasi, bei. Usibadili desturi yako mwezi huo, andika tu. Hata chumvi ya shilingi 10 aliyotumwa mtoto iandikwe, na peremende aliyojinunulia kwa chenji iandikwe pia.

Mwisho wa mwezi jumlisha kila kitu peke yake: unga, sukari, mafuta, sabuni, mboga, maziwa, mkate. Kisha andika pembeni nauli zote za bodaboda za kwenda dukani. Nyumba nyingi zitashangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba unga na sukari huchukua sehemu kubwa kuliko walivyodhani. La pili ni kwamba vitu vidogo vidogo, ambavyo hakuna aliyevihesabu, vyaweza kuzidi karo ya mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

JAMBO LA PILI: JUA BEI YA KILO MOJA

Wenye viwanda hutengeneza vipakiti vidogo kwa sababu wajua mnunuzi wao ana shilingi 20 tu mkononi. Kipakiti huonekana rahisi. Lakini rahisi ya kweli huonekana ukigawanya bei kwa uzito. Fanya hesabu hii (bei tunazotaja ni za mfano tu, wewe weka bei za soko lako):

Sabuni ya unga ya gramu 40 kwa shilingi 15. Katika kilo 1 mna vipakiti 25 vya namna hiyo. Basi 25 mara 15 ni shilingi 375 kwa kilo.

Sabuni ile ile katika pakiti ya gramu 500 kwa shilingi 150. Kilo 1 ni pakiti 2, yaani shilingi 300.

Tofauti ni shilingi 75 kwa kilo, na sabuni ni ile ile, ya kiwanda kile kile.

Sukari nayo ni hivyo. Robo kilo kwa shilingi 45, mara nne, ni shilingi 180. Pakiti ya kilo 1 ni shilingi 150. Nyumba inayotumia kilo 6 kwa mwezi hupoteza shilingi 180 kila mwezi, yaani shilingi 2,160 kwa mwaka, kwa kununua robo robo.

Lakini tahadhari mbili. Si kila mfuko mkubwa ni rahisi. Pengine pakiti 2 ndogo ni nafuu kuliko moja kubwa, kwa hiyo fanya hesabu kila mara. Tena, vitu vikiwa vingi ndani ya nyumba mkono huwa mwepesi. Sukari ya mwezi ikiwekwa mezani yote, itakwisha kwa majuma matatu. Mama wa nyumba apime ya juma moja, aiweke katika kopo la jikoni, na iliyobaki aifunge. Kopo likiisha siku ya Alhamisi, watu wanywe chai yenye sukari kidogo mpaka Jumapili.

JAMBO LA TATU: MAHINDI YA MWAKA KWA PESA ZA OKTOBA

Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko pote, nasi twaomba msomaji atulie.

Mahindi huwa na bei ya chini wakati wa mavuno, na bei ya juu wakati ghala zimekuwa tupu. Katika Kenya mavuno makubwa ni yale ya Trans Nzoia, Uasin Gishu na majirani zao, nayo huanza kama Oktoba na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka. Miezi migumu kwa kawaida ni Mei, Juni na Julai. Sasa tazama: bonasi ya chai nayo huja karibu na Oktoba. Fedha na mahindi ya bei nafuu hufika katika majira yale yale. Mkulima wa chai ana bahati ambayo watu wengi hawana, lakini wengi huiacha ipite. Huzitumia fedha zote katika mwezi mmoja, kisha mwezi wa Juni hukopa unga dukani.

Tufanye hesabu ya nyumba ya watu 6. Wakitumia kilo moja na nusu ya unga kwa siku, ni kilo 45 kwa mwezi, na kilo 540 kwa mwaka. Hizo ni gunia 6 za kilo 90.

Nyumba ya kwanza hununua pakiti za kilo 2 mwaka mzima. Tuseme bei ni shilingi 150 kwa pakiti. Pakiti 270 ni shilingi 40,500.

Nyumba ya pili hununua gunia 6 za mahindi makavu baada ya mavuno, tuseme kwa shilingi 3,600 kila gunia. Hesabu yake ni hii:
Mahindi, gunia 6: shilingi 21,600
Kusafirisha, shilingi 150 kwa gunia: shilingi 900
Mifuko 6 isiyopitisha hewa, shilingi 250 kila mmoja: shilingi 1,500
Kusaga kilo 540, shilingi 5 kwa kilo: shilingi 2,700
Jumla: shilingi 26,700

Nyumba ya pili imebakiwa na shilingi 13,800, na watu wake wamekula ugali ule ule. Tena mifuko yaweza kutumika mwaka wa pili ikiwa haikutoboka.

Mtu atasema: "Nitapata wapi shilingi 24,000 kwa mara moja?" Swali hilo ni la haki. Usiyeweza gunia 6, nunua 2 mwaka huu, na akiba utakayopata ikusaidie kununua 3 mwaka ujao. Ukila mahindi hayo katika Juni na Julai, wakati bei iko juu, yatakusaidia zaidi kuliko ukiyala katika Januari.

ANGALIA UKAVU KABLA YA KULIPA

Mahindi ya mapema katika Oktoba mara nyingi yana maji. Ukinunua mahindi mabichi unalipia maji, na tena unanunua hatari. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huo waweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani kwa sumu hiyo. Haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Twaa chupa ya kioo iliyo safi na kavu, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa. Ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamekauka kiasi cha kuweza kuwekwa. Kwa mashine ya kupima, unyevu unaofaa hauzidi asilimia 13.5.

Mahindi yakiwa mabichi, yaanike juu ya turubai, usiyaanike juu ya udongo, na uyaingize ndani kabla ya mvua ya alasiri, ambayo sote twaijua katika nchi hii ya chai.

Mfuko usiopitisha hewa una mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la nje. Jaza mahindi makavu, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa nguvu. Fukusi na dumuzi walio ndani watakufa kwa kukosa hewa, na huna haja ya dawa. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na zuia panya. Usifungue mifuko yote. Maliza mmoja kwanza.

Wakati wa kusaga, unga usiokobolewa hutoka mwingi zaidi kwa mahindi yale yale, na huwa na faida kwa mwili. Ukikoboa, pumba usiiache kwenye mashine. Ni chakula cha ng'ombe na kuku wako.

JAMBO LA NNE: VITU AMBAVYO MKULIMA HAPASWI KUNUNUA

Mboga. Ni aibu mwenye shamba kununua sukuma wiki ya shilingi 20 kila jioni. Shilingi 20 kwa siku ni zaidi ya shilingi 7,000 kwa mwaka. Tenga kipande kidogo karibu na jikoni, ambapo maji ya kuoshea vyombo yaweza kufika. Panda sukuma wiki, saga, managu, kunde na malenge. Tia samadi. Usipande zote siku moja. Panda mstari mmoja kila baada ya majuma machache ili mboga zisikatike. Chagua mahali ambapo dawa za kunyunyizia mimea mingine haziwezi kufika.

Maziwa. Watu wengine hupeleka maziwa yote kwa mnunuzi asubuhi, na jioni humtuma mtoto dukani kuleta pakiti. Huko ni kuuza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu. Toa kwanza sehemu ya nyumba, kisha peleka yaliyobaki. Yakizidi, wajua mwenyewe kutengeneza mursik. Wazee wako hawakuhitaji friji.

Maharagwe na viazi. Kwa sababu ya ule ugonjwa wa mahindi, Mabwana Shamba hushauri kubadilisha mimea: msimu mmoja mahindi, msimu wa pili viazi, maharagwe au kabeji. Usifuatishe mahindi kwa mtama, ngano au miwa, kwani ni jamaa moja. Shauri hilo husafisha shamba na kupunguza safari za sokoni.

JAMBO LA TANO: NUNUENI PAMOJA

Mtu mmoja hawezi kununua gunia la sukari la kilo 50, lakini watu 10 wanaokutana kila siku katika kituo kimoja cha chai waweza, na kila mmoja akapata kilo 5. Bela la unga lina pakiti 12 za kilo 2. Nyumba 4 zikishirikiana, kila moja hupata pakiti 3. Dobi la mafuta ya kupikia la lita 20 hugawanywa vivyo hivyo. Vyama vya akina mama vyaijua kazi hii.

Sheria za kununua pamoja ni nne. Fedha zitolewe kwanza, pasiwe na mtu wa kulipiwa. Watu wawili waende kununua, na warudi na risiti. Mzigo ugawanywe kwa mizani mbele ya wote. Yote yaandikwe. Chama kilichovunja sheria ya kwanza hakikumaliza mwaka.

JAMBO LA SITA: DENI NA SAFARI

Mwenye duka anayekukopesha amekusaidia siku ya shida, nawe mlipe kwa wakati. Lakini fahamu kwamba vitu vya mkopo mara nyingi huwa na bei ya juu, na mwenye deni hawezi kwenda duka lingine lenye nafuu. Mikopo ya simu nayo ina ada. Ukikopa shilingi 500 kununua chakula cha juma moja, chakula hicho kimekuwa ghali kabla hujakila. Kopa kwa ugonjwa ukilazimika. Usikope kwa sukari.

Juu ya safari: ukienda Bomet mjini kwa bodaboda ya shilingi 200 ili kupata nafuu ya shilingi 60, umepoteza shilingi 140. Enda mara moja kwa mwezi, na orodha iliyoandikwa, na jirani wa kugawana naye nauli. Vitu vya katikati ya mwezi nunua karibu. Wanaokaa karibu na Silibwet, Mulot, Longisa, Kaplong au Chebilat waulize bei katika soko na katika duka la jumla kabla ya kununua. Chukua kikapu chako, maana mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko mwingine wa dukani huuzwa.

Dukani tazama mambo matatu: muhuri wa mkaguzi katika mizani, alama ya ubora ya KEBS katika pakiti, na tarehe ya mwisho wa kutumia. Unaponunua kwa gorogoro, tazama kama kopo limepondwa chini. Gorogoro lililopondwa ni wizi, na mnunuzi ana haki ya kukataa na kupeleka habari kwa maofisa wa vipimo wa kaunti.

KAZI YA MWEZI HUU

1. Nunua daftari na uandike matumizi ya siku 30.
2. Tafuta bei ya kilo moja ya vitu vitano mnavyovitumia zaidi.
3. Hesabu gunia za mahindi mnazokula kwa mwaka, na mkubaliane ni ngapi zitanunuliwa kwa bonasi.
4. Tenga kipande cha mboga karibu na jikoni, na utie samadi.
5. Zungumza na majirani 3 au 4 juu ya kununua pamoja.

Mwenye swali juu ya kukausha na kuweka mahindi, au juu ya ugonjwa wa mahindi, amwone Bwana Shamba wa wadi yake. Na siku bonasi itakapotangazwa, fungueni daftari kabla ya kwenda mjini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichofunikwa huliwa na panya.